Kofia ya Pistoni ya Tatu

"Injini hii ndiyo iliyomuua dada yangu," fundi alisema, akiigonga kwa nyundo. "Leo itasema, shemeji. Ikikutaja wewe, hutoki humu na meno."

Shemeji alikaa juu ya tairi, mdomo umevimba kwa ngumi aliyopigwa na fundi makaburini. "Oili niliweka. Injini ilinoki, ikakwama ghafla, lori likatuvaa kwa nyuma. Naapa."

"Waongo wote huapa."

Fundi alifungua nati ya chini ya injini; oili ilimwagika tele. Alifungua kofia zinazoshika mikono ya pistoni kwenye kranki, mhimili unaozungushwa na pistoni, akazisukuma pistoni nje kwa mpini wa nyundo, kila moja akailaza kando ya kofia iliyotoka nayo. Ya tatu iligoma. Aliitwanga mpaka jasho likamwingia machoni.

Kisha akaing'oa kranki. Ilikuwa imeungua na kuchubuka mahali pawili tu, pa pistoni ya pili na ya tatu.

Fundi kila kofia huigonga nukta kabla ya kuifungua, ili irudi kwa pistoni yake, kwani ikifungwa kwa nyingine husaga kranki mpaka injini ikwame: moja kwa pistoni ya kwanza, mbili kwa ya pili. Injini hii aliifunga mwenyewe, wiki moja kabla ya ajali, akijigamba mbele ya dada yake kwamba angeweza kuifunga macho yamefumbwa.

Alipangusa kofia ya tatu kwa kidole gumba. Nukta mbili. Akapangusa ya pili. Nukta tatu.

"Imesema nini?" shemeji aliuliza.

Fundi aliigeuza nyundo, akampa mpini. Kisha akaulaza mkono wake wa kulia juu ya meza ya chuma.