Kamera ya Mwalimu Ottilia

Ildefonsi aliiweka kamera sikioni, akaitikisa kidogo, akatega kama daktari anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Kisha akaishusha mezani, akavua miwani.

"Mwalimu," alisema, "umeibiwa."

Ottilia, mwalimu wa sayansi kule Liuli, alijikalia kwenye kiti cha wateja bila kukaribishwa. Alikuwa amepanda malori mawili kutoka ziwani hadi kwenye studio hii ya picha ya Mbinga ili apate ushauri tu. Mkononi alikuwa na bahasha ya picha ishirini na nne, zote za kwazi, yule ndege wa kichwa cheupe anayechota samaki ziwani, na zote mbaya. Katika moja kwazi alikuwa doa. Katika nyingine alikuwa ukungu wenye mabawa.

"Nilidhani ni mkono wangu, mzee. Nazungusha pete ya lenzi, nazungusha, ndege yuko vilevile."

Ni mkono wake, Ildefonsi hakuwa na shaka. Ndivyo walimu walivyo: mtu anapewa kamera ya Kijapani, nyeusi, nzito, yenye lenzi ndefu kama chupa ya chai, halafu anasingizia pete. Miaka hiyo ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, ilikuwa imeleta kila kitu Mbinga, sabuni za kunukia, redio za kaseti, hadi wanunuzi binafsi wa kahawa na mizani zao. Kamera kama hii ilikuwa haijafika. Tena yeye aliihitaji. Kampuni moja mpya ya kahawa ilitaka picha kumi na mbili za ziwa na milima kwa ajili ya kalenda, na kazi hiyo ilikuwa imeahidiwa kwake.

Mtu mwingine angesema, niuzie. Ildefonsi alikuwa na akili zaidi ya hapo.

"Siku hizi bandia zimejaa," alieleza kwa huruma, akitunga dalili moja baada ya nyingine. "Huu uzito unaousikia si mashine. Wanatia kipande cha chuma ndani, mnunuzi aone ameshika kitu. Pete ni pambo, hazikushikana na chochote. Na hiki unachokiita kioo ni plastiki." Uongo ulimtoka kwa mpangilio mzuri hivi kwamba nusura auamini mwenyewe.

"Kaka yangu Bernadi aliinunua Dar," alisema Ottilia. "Kwa kahawa ya msimu mzima." Hakulia. Alizirudisha picha kwenye bahasha moja moja, kama mtu anayekunja nguo za marehemu. "Wanafunzi wangu wanachora ndege wa Ulaya kutoka kwenye vitabu. Nilitaka wamwone wa kwao."

Maneno hayo yalimgusa Ildefonsi, au tuseme yalimharakisha. Alifungua kabati, akatoa kamera yake ya siku zote, aliyoachiwa na bruda mmoja Mjerumani wa misheni. Ilikuwa imechubuka, na mkanda wake ulikuwa umeungwa kwa waya.

"Chukua hii. Ni kuukuu, lakini inafanya kazi. Hiyo takataka niachie, huenda nikapata skrubu mbili tatu."

"Nikuongezee nini, mzee?"

"Usiniongezee kitu, mwanangu."

Na kwa kuwa aliyekwisha kushinda hana sababu ya kuwa mchoyo, alimwongezea somo la bure: "Jua lipe mgongo. Usimkimbize ndege. Tafuta tawi analolirudia, kaa karibu nalo, usubiri. Na piga asubuhi, maji hayajaanza kumeremeta."

Ottilia alimshika mkono kwa mikono yake miwili. "Ni wangapi wangeniambia ukweli, mzee? Mungu akubariki."

Ildefonsi aliinamisha macho kwa unyenyekevu.

Wiki hiyo hiyo aliteremka Mbamba Bay na kamera ya mwalimu, akamaliza filamu tatu, akazipeleka Songea zikasafishwe. Ziwa lilirudi kama uji. Milima ilirudi kama blanketi zilizolowa.

Alikwenda moja kwa moja kwa Rukia, mwenye duka lililomuuzia filamu.

"Filamu zako zimeharibika."

"Wenzako wanapigia hizo hizo, mzee, na harusi zinaonekana," alijibu Rukia, akaendelea kupima sukari.

Basi kosa likawa la vijana wa Songea, ambao kwa maoni yake hawakujua kutofautisha dawa ya picha na maji ya kunawa. Akateremka tena ziwani na filamu mbili nyingine. Safari hii uji ulikuwa mzito zaidi. Meneja wa kampuni alimpa wiki moja ya mwisho.

Katikati ya wiki hiyo ikaja barua kutoka Liuli. Ndani yake mlikuwa na picha ya kwazi akiwa ametumbukiza kucha majini, kila tone la maji likihesabika. "Tumeibandika darasani," aliandika Ottilia, "na chini yake wanafunzi wameandika jina lako, ili wajue kuna watu wakweli."

"Bahati tu," alisema Ildefonsi peke yake. Kama kamera kuukuu ya bruda iliweza vile, hii ya Kijapani ilikuwa inadai kusafishwa tu. Alitandika gazeti mezani, akachukua bisibisi, akafungua kitako chake.

Kipande cha chuma chenye kutu, kikubwa kama kiberiti, kilianguka kwenye gazeti na gundi yake. Alizungusha pete zote, akichungulia ndani: hapakusogea kitu. Akachukua msumari, akaupasha moto, akauchomeka taratibu kwenye kioo cha lenzi, nao ukazama.

Ildefonsi aliuchomoa msumari ule, akavua miwani. Siku ile, tangu neno la kwanza hadi la mwisho, hakuwa amemdanganya mwalimu hata kidogo.