Udongo Umeshiba

Jana yake, mkutanoni, Sekela aliwaambia watu wa bondeni kwamba udongo umeshiba, nao wakampigia makofi. Alidhani wameelewa. Kazi yake ilikuwa kukadiria kwa kompyuta maji ambayo milima imeyanywa masika hadi masika, na yale itakayoyakataa yakashuka mtoni. Asubuhi hii aliwakuta wote kando ya mto, wanapanda mahindi.

"Mama Ambonisye, mbona hamjahama?"

Mama Ambonisye hakuinua mgongo. "Ulisema udongo umeshiba, mwanangu. Tukamshukuru Mungu. Ardhi ikishiba, nasi tunashiba."

Neno lilikuwa la Sekela mwenyewe. Ofisini walilisema kutwa, na hapakuwa na mtu aliyewahi kulifurahia.

"Mama, wewe umelea. Mtoto aliyeshiba, ukimlazimisha uji, anafanyaje?"

Jembe likabaki hewani.

"Anatapika," alisema mama yule taratibu.

Wote wawili wakatazama juu milimani, kulikokuwa kweusi tangu alfajiri. Huku bondeni halikuwa limedondoka hata tone. Mama Ambonisye akashusha jembe, akainama kwenye shimo ambalo alikuwa ametoka kulitilia mbegu, asilifukie. Maji yalikuwa yanapanda kutoka chini, kimya kimya, na punje za mahindi zilikuwa zimeanza kuelea, zikizunguka polepole kama watu wanaotafuta mlango.