Tufe la Immakulata

Gumba la Mwalimu Pasikali liligoma kuingia kwenye tufe la Immakulata. Akasukuma tena. Kidole cha kati kikakwama, cha pete kikapwaya.

“Fundi kakugeuzia karatasi!” alisema, akacheka mpaka machozi. Ukumbi mzima wa mchezo wa kuangusha vigogo, pale Kasulu, ukacheka naye.

Habari ya karatasi walikuwa nayo wote. Immakulata alikuwa amechora kiganja chake akampelekea fundi Kipriani, wakabishana siku mbili matundu ya vidole yatobolewe wapi ili tufe la mninga lishike njia kwenye mafuta. Maana mafuta yalikuwepo. Mwalimu mwenyewe alipaka mawese ile njia ya mbao alfajiri ya Jumamosi hiyo ya mwaka 2013. Kidumu hakikutosha njia nzima, akakimalizia chote upande wa kulia, wanakorushia wachezaji wote. Tufe lake yeye lilitobolewa kwa ajili ya utelezi huohuo. Mjanja, mzee yule!

Immakulata, muuguzi wa Makere, alikuwa ametamka mbele ya wanaume wote: akimshinda Mwalimu, wanawake nao wacheze kila Jumamosi. Akishindwa, warudi mlangoni kuuza soda, na asisikike tena. Kila mmoja angerusha mara moja tu. Mwalimu alikuwa ameshaangusha vigogo tisa kati ya kumi.

“Nikuazime langu, mwanangu? Usije ukavunjika kidole bure.”

“Nitarusha hilihili, Mwalimu. Fundi hakukosea.”

“Kichwa kigumu tangu darasa la kwanza! Si mimi niliyekufundisha kushika kalamu?”

“Ego, ni wewe, Mwalimu. Sijasahau.”

Alijibu akimkazia macho, na Mwalimu hakupenda kabisa. Msichana aliyekuwa akitetemeka mbele ya ubao wake leo hapepesi hata kope!

Immakulata alijifuta viganja kwenye kitenge, akachukua tufe lake, akaenda kusimama pembeni kabisa mwa njia, mahali asipowahi kusimama mtu. Wengine wakaanza kuguna. Akainama, akarusha.

Tufe lilipita pakavu, likajipinda kidogo karibu na mwisho, na vigogo vyote kumi vikalala chini.

Wanawake walipiga vigelegele mlangoni. Mwalimu Pasikali hakuwasikia. Alikuwa akiutazama mkono wa kushoto wa Immakulata, mkono ambao mwaka mzima wa darasa la kwanza aliufunga kwa kamba kwenye dawati.