Mlango wa 2,021,027

Mjini, mlango hufunguka ukiguswa na mtu ambaye namba yake inaigawa namba ya mlango bila baki. Mlango wa mzee Mwaisaka ulikuwa 2,021,027, yaani 1009 yake mara 2003 ya marehemu mkewe, Tusekile. Zote ni namba tasa, kwa hiyo hapakuwa na wa tatu wa kuufungua. Alipoambiwa aiondoe ya mkewe, alikataa.

Asubuhi moja mlango ukafunguka, akaingia mtoto wa kike.

“Shikamoo, babu. Nimeugusa tu.”

“Marahaba. Namba yako?”

“Elfu mbili na tatu. Ilikuwa ya mtu, nikapewa mimi.”

Mzee akampa uji, akakaa akimtazama anavyoupuliza. Mama wa mtoto alipoita kutoka nje, Mwaisaka alijikuta amemshika mtoto mkono, na vidole vikagoma kuachia.