Figa Namba Kumi na Nne

Bibi alipoepua chungu ndipo nilipoiona namba: kumi na nne, imechongwa kichwani mwa figa moja kati ya yale matatu, imejaa masizi.

Nikatoa kibali changu, nikakisoma upya. Mgeni asivuke jiwe la mpaka namba kumi na nne. Siku tatu nilikuwa nikipanda na kushuka vilima huku nikilitafuta jiwe hilo, nisije nikalipita.

"Bibi, hili mlilitoa wapi?"

"Huko nje. Figa langu lilipasuka, na jiwe hili lilikaa tu, halina kazi. Mafiga mawili hayainjiki chungu, mwanangu."

"Nje upande gani?"

Akaelekeza mwiko mlango wa mbele. Mjukuu wake, mzee mwenye mvi aliyekuwa akiniongoza njia, akatikisa kichwa, akaonyesha mlango wa nyuma.

"Ulikuwa mdogo wewe," bibi akasema.

"Nililibeba mimi, bibi."

Wakatazamana.

Nikasogeza kigoda kulia mwa moto. Nikakirudisha kushoto.

"Na askari wa mpaka?" nikauliza.

"Wa huku wanakula hapa, na wa kule wanakula hapa," mzee akasema. "Ila siku zao ni tofauti."

Buti zikasaga kokoto nje. "Hodi," sauti ikaita kwenye mlango wa mbele.

Kabla hajaitikiwa, mlango wa nyuma nao ukagongwa. "Hodi hapa."

Bibi akakirudisha chungu upesi juu ya ile namba.

"Karibuni," akasema, akiutazama ukuta.