Pipa la Kabichi

Siku ile mjinga alikuwa mume, na baadaye hakubisha. Ng'ombe walilia njaa tangu alfajiri, naye alikuwa ameketi juu ya pipa la chakula chao kama kuku anayeatamia.

Kabichi zilizotupwa sokoni, mkewe alizishindilia humo mwenyewe, akazifunika nailoni zichachuke. Akafa kabla ya kulifungua.

Asubuhi hiyo mume aliinua mfuniko, akaurudisha. Alama za viganja vya mkewe zilikuwa bado zimebonyea kwenye nailoni, hata ya kile kidole cha mwisho kilichopinda. Hakulia. Alikaa tu.

“Shuka, baba,” mama mkwe alisema, beseni mkononi.

“Hili liache, mama. Nitawakatia majani.”

“Majani yako wapi kiangazi hiki?”

“Alilifunga yeye.”

“Aliwafungia ng'ombe. Zingekuwa za kula wewe, angetia chumvi.”