Kinyakyusa cha Zawena

Muuguzi Zawena alipohamishwa kutoka Lushoto kwenda Rungwe, alijifunza Kinyakyusa kwa asubuhi moja, kama watu wote siku hizi. Alilazwa kliniki, akavishwa kofia ya nyaya, akamiminiwa lugha ya bibi mmoja aliyeitoa kwa wosia kabla hajafa. Alipoamka, aliwaelewa wagonjwa wote.

Ila kila alipotamka neno la Kinyakyusa lenye maana ya mto, machozi yalimtoka. Hakujua kwa nini.

Jumapili moja binti yake wa miaka sita, Mwanahawa, alichukua ndoo awafuate wenzake mtoni. Zawena alipiga ukelele kutoka jikoni, "Tusekile, rudi! Usiende!"

Mtoto alisimama. "Mama, Tusekile ni nani?"

"Simjui, mwanangu."

Mumewe, Shekiondo, aliweka kikombe chini. "Mke wangu, twende kliniki wakaitoe hiyo lugha."

Zawena alimkumbatia Mwanahawa kwa nguvu. "Wakiitoa, atabaki nani wa kumlilia yule mtoto wa bibi?"

Mwanahawa alijinasua polepole mikononi mwa mama yake, akaenda kusimama karibu na baba.